Kabuti na Milioni Moja na Moja

Nilipoanza kufundisha nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: kabuti na namba. Kabuti nilipewa na mjomba wangu, aliyerudi nalo kutoka vitani Burma. Lilikuwa zito, la sufu, rangi ya udongo, na vifungo vyake vya shaba nilivisugua kwa majivu kila Jumamosi mpaka vikanionyesha uso wangu. Namba niliipata mwenyewe. Ilikuwa milioni moja na moja, na ukiiandika inakuwa hivi: 1000001.

Aliyewahi kuamka Njombe mwezi wa saba hataniuliza kwa nini nilijivunia kabuti. Ukungu ulikuwa unaingia darasani bila kubisha hodi, na watoto waliandika kwa mkono mmoja huku mwingine wameuficha kwapani. Shule yetu ya misheni ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini, na nadhani waliokichagua kilima kile walikiona siku ya jua. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la sita, Mwingereza bado yupo. Nikipita mbele ya wanafunzi nimelivaa kabuti langu, najiona mkuu wa wilaya, bwana shauri mwenyewe.

Namba lazima niieleze, maana watu wengi hawaelewi mtu anawezaje kuipenda namba. Isome hiyo 1000001 kutoka kushoto, kisha uisome kutoka kulia. Ni ile ile. Sasa chukua namba yoyote ya tarakimu sita, tuseme 472913, uizidishe kwa ile yangu. Jibu ni 472913472913. Namba yako inakurudia imejiandika mara mbili, na wewe hujatoa hata jasho. Wanafunzi wangu walidhani ni uganga, nami sikuwa na haraka ya kuwatoa katika imani hiyo.

Raha yenyewe hasa ilikuwa katika kugawanya. Igawanye kwa tatu, zinabaki mbili. Kwa saba, zinabaki mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili. Ukiruka mpaka thelathini na saba, unazikuta mbili zile zile zimekaa zinakungoja. Nilizunguka na jambo hilo kichwani wiki nzima kabla sijaiona sababu: namba hizo zote zinaigawanya 999999 bila kubakiza kitu, na namba yangu imeizidi hiyo kwa mbili tu. Kuijua sababu hakukunipunguzia raha hata kidogo.

Hapo ndipo niliposhikwa na wazo kwamba namba yangu haigawanyiki kabisa. Chuoni tulikuwa tumenakili jedwali la namba tasa, yaani zile zisizogawanyika kwa nyingine ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kuendelea. Mkufunzi wetu alilinakili kwa mkufunzi wake, sisi tukalinakili kwake, na kila mwalimu aliyetoka pale alilibandika ukutani mwa darasa lake. Lilikuwa na namba ishirini na tano. Ya mwisho, chini kabisa, ilikuwa 97, na hapo karatasi iliishia. Tulilikariri jedwali lile, tukawasimamisha watoto kwa mguu mmoja kwa kutolikariri, na kwa miaka yote ile sikumsikia mwalimu hata mmoja akiuliza ni namba gani inayofuata.

Basi nikaijaribu namba yangu kwa kila namba ya jedwali, Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada. Zote zilishindwa. Tisini na saba ilikuwa ya mwisho, ikabakiza ishirini na nane. Nikafunga daftari, nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, kwamba hii haigawanyiki. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua mlima.

Sasa nieleze jinsi nilivyoitumia, na hapa naanza kujiaibisha. Kila mwalimu ana dawa yake ya kulinyamazisha darasa anapotaka kusahihisha madaftari au kusoma barua. Wengine huimbisha nyimbo, jambo ambalo halinyamazishi mtu. Mimi niliandika 1000001 ubaoni, nikawaambia: "Tafuteni namba itakayoigawanya hii bila baki. Moja hairuhusiwi, na yenyewe hairuhusiwi." Darasa likainama. Unasikia penseli tu, na makamasi yakivutwa. Nikapata nusu saa ya amani, na barua yangu nikaisoma mara mbili.

Lakini watoto si wajinga. Baada ya majuma mawili walianza kuhisi kwamba wanachimba mahali pasipo na kiazi, wakawa wanachora mbuzi pembeni mwa daftari. Ilibidi niongeze chambo. Siku moja, mbele ya wote, nikalishika kabuti kwenye kola, nikasema: "Atakayeigawanya, kabuti hili ni lake." Walishangilia mpaka mwalimu wa darasa la tano akachungulia dirishani. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Kuahidi kitu ambacho hutakitoa kamwe ni raha ya bure kabisa.

Nyuma ya darasa, pembeni mwa nguzo ya kati, alikaa binti mmoja wa miaka kama kumi na mitatu. Alikuwa mkimya, na ukimya wake ulikuwa wa kunung'unika ndani kwa ndani, kama chungu kilichofunikwa. Alilelewa na bibi yake, msuka vikapu vya mianzi, na alikuja shuleni kila siku na kanga nyepesi mabegani, saa nzima kwa miguu katika umande. Nguzo ilimzibia sehemu ya chini ya jedwali. Alikuwa ameniambia mara moja kwamba haoni mwisho wake, nami nikamjibu kwamba mwenye kutaka kuona ataona. Basi akajitengenezea lake mwenyewe: aliandika namba zote kwa mfuatano kwenye kibao chake, akazifuta zile zinazogawanyika, akazibakiza zile zinazokataa. Kwa kuwa hakuona jedwali linaishia wapi, hakujua aache wapi.

Alhamisi moja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, imekwisha."

"Nini kimekwisha?"

"Namba, mwalimu. Haikubaki kitu."

Alileta daftari mezani. Mgawanyo ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa herufi ndogo za mtu anayetunza karatasi. Niliangalia juu tu, mahali alipoandika namba ya kugawanyia: 101.

"Mia na moja haimo katika jedwali," nikasema.

"Sijui kama imo, mwalimu. Lakini imegawanya."

"Ulijuaje kuichagua?"

"Nilikuwa naenda moja moja. Nilipoifikia nikaona inafanana nayo. Moja mwanzo, moja mwisho, sifuri katikati. Nikajua hawa ni ndugu."

Darasa likaangua kicheko kwa hilo neno ndugu. Nami, ambaye ningeweza kuteremsha macho mistari mitano tu na kuona, nilicheka pamoja nao. Nilichukua kalamu nyekundu nikamwandikia sifuri kubwa, kubwa kama kifungo cha kabuti. Hakulia. Alilifunga daftari lake taratibu, na kabla ya kugeuka alilitazama kabuti. Mimi hakunitazama.

Mchana ule nilikaa ofisini kutafuta kosa lake, nipate kumwonyesha kesho na kufunga mjadala. Jibu lake lilikuwa 9901. Nikasema nitalizidisha kwa mia na moja, nione linavyoanguka. Kuzidisha kwa mia na moja ni kazi ya mtoto mdogo: unaiandika namba, unaiandika tena chini yake ukiwa umeisogeza nafasi mbili, halafu unajumlisha. Kwa hiyo 990100, na chini yake 9901. Sifuri na moja ni moja. Sifuri na sifuri. Moja na tisa ni kumi, andika sifuri, weka moja. Sifuri na tisa na moja ni kumi, andika sifuri, weka moja. Tisa na moja, kumi. Tisa na moja, kumi. Zile tisa zote zilianguka moja baada ya nyingine, na juu ya karatasi ikabaki 1000001.

Nilirudia. Nikarudia tena mara ya tatu kwa kalamu ya wino, nikidhani labda penseli ndiyo mbovu. Kisha nikainuka nikaenda darasani, hamna mtu, nikasimama mbele ya jedwali langu. Baada ya 97, namba tasa inayofuata ni mia na moja yenyewe. Hakuna nyingine katikati. Nilikuwa nimetembea safari nzima Jumapili tatu, nikageuka kurudi nyumbani nikiwa mlangoni.

Niliona aibu, nasema kweli. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Jumamosi ile ile, siku mbili mbele, nilikuwa naenda Makambako kupeleka posa. Mchumba wangu nilimwona kwenye mkutano wa kwaya, akiimba sauti ya pili na kumsahihisha kiongozi wa kwaya mbele za watu, na tangu siku hiyo sikuwa na raha. Barua zake ndizo zile nilizokuwa nazisoma mara mbili. Baba yake alikuwa fundi seremala, mtu mwenye sifa ya kuwatazama vijana kama anavyotazama mbao: kwanza anatafuta ufa. Katika mipango yangu yote ya siku hiyo nilijiona nimelivaa kabuti. Bila kabuti nilikuwa kijana mwembamba mwenye shati moja zuri.

Nikajiambia nitamwambia binti Jumatatu. Ijumaa nilipita darasani bila kuitazama nguzo.

Jumamosi tulipanda lori la pareto, mimi na mshenga wangu. Mshenga alikuwa mwinjilisti wa kwetu, mtu mzima, mcheshi, ambaye hakuwahi kukutana na siri akailaza ndani mpaka asubuhi. Njiani nilimwomba mambo mawili: asizungumzie mshahara wangu, na asilitaje neno "tasa" katika nyumba ya posa, hata kama ni la hesabu. Akakubali yote mawili kwa furaha. La tatu sikulifikiria, na ndilo lililoniponza.

Makambako siku zile palikuwa njia panda na vumbi lake, maduka machache, na malori yaliyosimama kupumua kabla ya kuendelea magharibi au kuja kwetu. Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Alitupokea akiwa na maranda kwenye nywele na penseli nyuma ya sikio.

"Kamwene," akatusalimu.

"Kamwene, mzee," tukajibu, mimi nikiwa nimeinama kuliko mshenga.

Tulikalishwa karakanani kwa sababu kulikuwa na jua zuri. Mama mwenye nyumba akaja kutusalimu, akarudi jikoni, ambako vyombo viligonganagongana kwa namna iliyonieleza kwamba mchumba wangu yumo humo na anasikiliza. Fundi akanitazama. Akalitazama kabuti. Akauliza hali ya mvua Njombe. Mambo yalikwenda vizuri sana, mpaka mwinjilisti alipoona kimya kimekuwa kirefu.

"Mzee," akasema, "huyu kijana wetu si mwalimu hivi hivi. Ana namba yake. Milioni moja na moja. Hakuna chini ya jua awezaye kuigawanya. Ameapa mbele ya shule nzima kwamba atakayeigawanya atapewa kabuti hilo hilo analovaa!"

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Hilo hilo?" akauliza fundi.

"Hilo hilo," akasema mwinjilisti, akivuta mguu wake.

Fundi alichukua ubao uliokwisha kupigwa randa, akauweka magotini, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika 1000001. Na hapo posa yangu ilisimama.

Aligawanya kama alivyofanya kila kitu, bila haraka. "Mbili hapana, mwisho wake ni moja. Nne basi sina haja nayo. Ubao usiokubali kukatwa nusu hauwezi kukatwa robo. Tatu... zinabaki mbili. Saba... mbili. Eh!" Alifurahi alipoziona zile mbili zikirudi, na kwa dakika kadhaa nilimpenda sana, maana sikuwahi kumwona mtu mwingine akifurahia jambo hilo. Chakula kililetwa. Mama akasema ugali unapoa. Fundi akasema ugali ungoje, yuko kumi na tisa. Mwinjilisti alikula. Mimi nilikaa natoka jasho ndani ya sufu, nikimwangalia anavyopanda: arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na saba. Ubao ukajaa, akaugeuza upande wa pili. Sabini na tisa. Themanini na tatu. Nilijikuta naziombea namba zile zimchoshe.

Alipoimaliza tisini na saba, akabakiza ishirini na nane, akainua uso.

"Mwalimu, nikifika wapi niache?"

Hilo swali silisahau. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu la chuo kizima, na lingetosha.

"Jedwali letu huishia hapo hapo ulipofika, mzee," nikasema. "Tisini na saba."

"Linaishia hapo kwa sababu namba zimekwisha, au kwa sababu karatasi imekwisha?"

Mwinjilisti aliacha kutafuna.

"Karatasi, mzee," nikasema.

"Haya." Akalowesha ncha ya penseli ulimini. "Tisini na nane, hapana. Tisini na tisa, hapana, tatu ilishakataa. Mia, hapana. Mia na moja."

Sikuangalia ubao. Niliangalia mikono yake. Penseli ilikwenda, ikashuka, ikashuka tena, ikasimama. Akaupiga ubao kwa kiganja, akacheka kicheko kikubwa cha mtoto.

"Imekatika! Mwalimu, imekatika bila hata unga wa msumeno! Haya vua kabuti, mkwe!"

Wote wakacheka, na jikoni wakacheka. Alikuwa anatania, na kama ningetaka ningetania naye. Ningesema "Kumbe!" nikajipiga paji la uso, nikalivua kwa mbwembwe, naye angelikataa, tungekula, na posa ingepita. Niliyaona yote hayo yamenyooka mbele yangu. Lakini kabuti lilikuwa limeshakuwa na mwenyewe, na nilipofungua mdomo, kitu kilichotoka kilikuwa hicho.

"Siwezi kukupa, mzee. Si langu."

"La nani?"

"La mwanafunzi wangu. Msichana. Alifika mia na moja siku ya Alhamisi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimpa sifuri."

Fundi akauweka ubao chini. "Ulikuwa hujui kama amepata?"

"Alhamisi asubuhi nilikuwa sijui. Alhamisi jioni nilijua."

"Na leo Jumamosi umelivaa."

Vyombo vya jikoni vilinyamaza. Ningetoa makabuti kumi vianze tena kugongana. 

"Mimi," akasema fundi, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "nikimpimia mtu mlango vibaya, mlango haufungi. Upepo unaingia, na kila apitaye anauona mlango wangu na kunicheka. Wewe umempimia mtoto vibaya na hakuna anayeona. Anajua yeye tu. Anakaa na sifuri yako wakati jibu analo." Akasimama, akajikung'uta maranda. "Posa yako sijaikataa. Sijaipokea. Kamalize kwanza kazi hiyo. Ukirudi, uje bila kabuti, nikuone ulivyo."

Tulipanda lori la kurudi saa kumi. Kabuti nililikunja nikalipakata, maana sikuona nitalivaaje tena. Tulipoanza kupanda nyanda za juu baridi ikaanza kuuma, na abiria wenzangu wakawa wananitazama kama kichaa, mtu anayetetemeka huku amekumbatia kabuti.

"Livae basi," mwinjilisti akaninong'oneza. "Nani anakuona?"

"Si langu."

Alifikiri kidogo. "Ni kweli, si lako. Lakini mimi sijampa mtu sifuri." Akalichukua mapajani mwangu, akalivaa, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akalala usingizi mzito hadi Njombe.

Jumatatu nilifika darasani kabla ya wote. Nililitundika kabuti kwenye kiti changu, nikaandika 1000001 ubaoni, na walipoketi niliigawanya kwa mia na moja mbele yao, hatua kwa hatua, mpaka chini. Halafu nikasema: "Alhamisi binti yule alipata. Mimi ndiye niliyekosa." Maneno saba. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima, na bado sauti ilinitoka kama ya mtu anayebalehe.

Hawakucheka. Ningependa wangecheka.

Nikamwita binti alete daftari, niifute ile sifuri. Wino mwekundu haukutaka kufutika. Nikasugua kwa raba, nikasugua, mpaka karatasi ikatoboka, na pale palipokuwa na sifuri pakawa na tundu la mviringo kamili, sifuri nyingine ya hewa. Aliinyanyua ile karatasi, akaweka jicho kwenye tundu, akanichungulia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoona kwamba binti yule ana utundu kuliko wangu.

Nikaandika kando ya tundu: kumi kwa kumi, na jina langu chini.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Sifuri imetoka."

"Vizuri sana. Kakae."

Akaenda, lakini si kwenye kiti chake. Alikwenda ukutani, akatoa penseli, akapiga magoti, na chini ya 97, pembeni kabisa mahali karatasi ilipokuwa imechanika, akaandika 101. Niliona moyo wangu ukipata nafuu. Mtoto ana heshima yake, nikajiambia, mtoto hataki zawadi, anataka haki tu. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kulifuata kabuti mgongoni mwa kiti.

"Na kabuti, mwalimu," akasema akiwa bado amepiga magoti, bila hata kugeuka.

Sasa ndipo walipocheka.

Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alitoka nalo saa ya kwenda nyumbani, mikono imemezwa, akiburuza pindo kwenye majani, na darasa zima likimsindikiza. Jumapili iliyofuata nililiona kanisani, benchi la mbele upande wa wanawake. Ndani yake alikaa bibi yake, kikongwe mdogo, ameinua kola mpaka masikioni, na vifungo vyangu vya shaba viling'aa kuliko nilivyowahi kuving'arisha. Alikaa na kabuti lile benchi hilo hilo kila Jumapili, nami nikisoma somo la kwanza lazima nimtazame.

Kuhusu namba, hasara yangu ilikuwa kubwa zaidi. Darasa halikunyamazika tena. Waligundua kwamba jedwali linaweza kuongezwa, wakaliongeza: 103, 107, 109, 113, wakibandika vipande vya karatasi chini yake kwa uji wa ngano, mpaka mkia wa jedwali ukafika sakafuni na kuanza kukunja kona. Kisha wakaanza kuishambulia 9901, kuona kama nayo ina ndugu. Hiyo iliwashinda kweli, na safari hii sikuapa kitu chochote.

Baada ya majuma mawili nilipanda tena lori kwenda Makambako, peke yangu, maana mwinjilisti alikuwa na mafua. Kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa na shati langu moja zuri na tai, nimekaa juu ya magunia, na nilipofika njia panda meno yalikuwa yanagongana hata nikashindwa kumshukuru dereva.

Fundi alikuwa mlangoni mwa karakana. Ule ubao alikuwa hajautumia, ameuegemeza ukutani, mahesabu yake yote yakionekana. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, mbele, akanizunguka akanitazama nyuma.

"Kabuti liko wapi?"

"Kwa mwenyewe, mzee."

"Na sifuri?"

"Imetoboka, mzee."

Hakuuliza maana yake. Alinitazama natetemeka, kisha akageuza uso upande wa jikoni, ambako vyombo vilikuwa kimya kabisa, akaita:

"Mama, leteni chai haraka. Mkwe wetu anakufa kwa baridi."